UZI: Sinema ndogo ya mtaa kwenye ukumbi wa Langoni, Lamu (vipimo, vifaa, vibali)

#1 Mwanalangoni

Assalaam aleikum ndugu zangu. Kikundi chetu cha mtaa kimepewa ukumbi wa chini kwenye jumba moja hapa Langoni, siku nne kwa wiki, Alhamisi mpaka Jumapili. Tunataka kuonyesha filamu: watoto Jumamosi mchana, familia usiku.

Vipimo: urefu mita 11, upana mita 6, kimo mita 3 hadi dari ya zege. Kuta ni za mawe zilizopigwa chokaa. Madirisha manne, mawili upande wa bahari na mawili upande wa uchochoroni. Milango miwili. Umeme upo ila hukatika.

Nauliza: projekta gani, skrini kubwa kiasi gani, watu wangapi, na vibali gani? Naomba majibu yenye vipimo. "Nunua kitu kizuri" hainisaidii nikifika dukani.

#2 Fundi_Mitambo

Wa aleikum salaam, shekhe. Weka projekta kando kwanza, tuanze na dari. Kimo cha mita 3 ndicho kitakachokukatia kila kitu.

Mtu aliyekaa kwenye kiti, kichwa chake hufika mita 1.2 hivi kutoka sakafuni. Ukingo wa chini wa picha usishuke chini ya mita 1.1, la sivyo wa nyuma watatazama visogo. Juu bakisha sentimita 20. Zinabaki mita 1.7, na picha ya 16:9 (upana 16 kwa kimo 9) yenye kimo cha mita 1.69 ina upana wa mita 3 kamili. Basi skrini yako ni 3 kwa 1.69. Kuna watakaokushawishi uende mita 4. Usikubali, dari haina nafasi hiyo.

Kutoka hapo viti vinajipanga vyenyewe. Mstari wa mwisho usizidi mara tatu ya upana wa picha, yaani mita 9. Mstari wa kwanza wa viti mita 3. Mbele yake watoto wanaweza kukaa kwenye mikeka, mita 2.5 kutoka skrini.

Sasa mwanga. Majumba makubwa ya sinema hulenga mng'ao wa kandela 48 kwa mita mraba kwenye skrini nyeupe. Skrini yako ina mita mraba 5.07. Piga 48 × 3.14 × 5.07, unapata karibu lumeni 765 (lumeni hupima wingi wa mwanga wa projekta) zinazotakiwa kufika ukutani, chumba kikiwa giza. Projekta iliyoandikwa ANSI (kipimo cha kiwango rasmi) lumeni 3,500, ukiiweka kwenye rangi za sinema hubakiwa na kama 2,100. Taa ikizeeka hushuka hadi nusu, 1,050. Bado unatosheka. Ukinunua ya lumeni 6,000 umelipia joto na kelele za feni.

Tahadhari mbili za dukani. Kwanza, vile visanduku vidogo vyenye "lumeni 9,000" kwenye boksi, namba hiyo si ya ANSI wala ISO. Mara nyingi ukipima hupati hata 300. Pili, "inakubali 1080p" maana yake inapokea tu faili ya 1080p (pikseli 1920 × 1080). Uliza pikseli (vidoti vya picha) za chipu yenyewe, kile kipande cha ndani kinachotengeneza picha. Zikiwa 1920 × 1080 sawa. Zikiwa 1280 × 800 kwa skrini ya mita 3 bado inatazamika. Zikiwa 854 × 480, rudisha.

#3 Mwanalangoni

Shukrani sana. Na projekta ikae wapi? Tukiiweka mezani katikati, watu watapita mbele yake.

#4 Fundi_Mitambo

Itundike darini, kichwa chini. Projekta nyingi za kawaida zina uwiano wa karibu 1.5: umbali wa mita 1.5 hutoa picha ya upana wa mita 1. Kwa picha ya mita 3 unahitaji mita 4.5. Soma namba hiyo kwenye kijitabu kabla ya kutoboa tundu, maana kuna za 1.2 na kuna za 2.

Projekta ikiwa mezani, picha hupanda juu ya usawa wa lenzi. Ukiigeuza darini, picha hushuka chini ya lenzi. Kwa hiyo lenzi ikae karibu na usawa wa ukingo wa juu wa skrini, mita 2.8 kutoka sakafuni. Kibanio cha sentimita 20 kinatosha, na miale inapita juu ya vichwa vyote. Kisha kwenye menyu chagua picha ya darini ili igeuke.

Kile kitufe cha kunyoosha pembe za picha, jaribu kutokitumia. Hunyoosha kwa kutupa pikseli, na maandishi ya tafsiri huwa na ukungu. Nyoosha projekta yenyewe.

Kuhusu chanzo cha mwanga ndani ya projekta, leza au taa ya kawaida: siku 4 za saa 2 na nusu ni saa 10 kwa wiki, saa 520 kwa mwaka. Taa ya saa 4,000 itakufikisha zaidi ya miaka 7. Kwa hiyo usilipie leza kwa sababu ya umri wake wa saa 20,000. Ukilipia, iwe ni kwa sababu ya umeme unaokatika. Taa ya kawaida ikizimwa ghafla ikiwa imewaka kwa nguvu, feni nayo husimama, joto hubaki ndani, na taa hupasuka mapema. Leza huvumilia zaidi.

#5 Kusi_na_Kaskazi

Ndugu Mwanalangoni, madirisha hayo manne ndiyo kazi kubwa kuliko projekta. Wengi huziba kila kitu kwa mbao na plastiki nyeusi, wakapata giza zuri na watu wakatoka baada ya nusu saa. Mtu mmoja aliyekaa tu hutoa joto la wati 100 hivi. Watu 60 ni wati 6,000, sawa na majiko kadhaa ya umeme yanayowaka ndani ya chumba kimoja. Lamu, mwezi wa Machi, upepo umelala!

Ziba mwanga, acha hewa. Mwanga hauwezi kupinda kona, hewa inaweza. Tengeneza fremu ya kina cha sentimita 30 inayoingia kwenye dirisha. Ndani yake panga mbao nyembamba safu mbili zinazopishana, kila ubao wa safu ya ndani ukifunika mwanya wa safu ya nje, na baina ya safu bakisha sentimita 8. Zote zipakwe rangi nyeusi isiyong'aa. Ikiwa rangi inang'aa, mwanga utarukaruka mpaka ndani na kazi yote imepotea.

Madirisha ya upande wa bahari yawe ya kuingiza hewa, mwanya uwe chini. Upande wa uchochoroni mwanya uwe juu, na hapo weka feni mbili za kutoa hewa. Chagua feni pana zinazozunguka polepole. Ndogo za kasi hupiga kelele kuliko spika. Zifunge kwa mpira kati ya feni na fremu ili mtetemo usiingie ukutani.

Na kuta za chokaa nyeupe. Picha ikiwaka, kuta hurudisha mwanga juu ya skrini na weusi wa picha unakuwa kijivu. Si lazima upake rangi ukumbi wa watu. Tundika kaniki (kitambaa cheusi) pembeni na darini kwa mita 2 za kwanza kutoka skrini. Tofauti utaiona usiku huohuo.

#6 MamaKibaraza

Skrini yenyewe iwe kitambaa au ukuta? Na watu wangapi, maana hilo hamjalijibu.

#7 Fundi_Mitambo

Samahani dada, nimeliruka.

Kwa ukumbi wa kudumu, ukuta. Fundi aulainishe, kisha washa tochi ukiilaza ubavuni mwa ukuta gizani: kila kinundu kitatoa kivuli. Sugua, rudia. Halafu rangi nyeupe isiyong'aa, mikono miwili. Lita moja inatosha mita mraba 5. Zungushia mpaka wa kaniki wa sentimita 10, picha itaonekana imekaza na kingo zilizopotoka kidogo hazitaonekana.

Ikibidi kitambaa (ukumbi una shughuli nyingine, au mnataka kwenda Matondoni siku moja), mwone fundi wa matanga. Anajua kupinda kingo na kutia macho ya kamba kuliko fundi wa nguo. Kitambaa kiwe kizito, mwanga usipite nyuma. Amerikani (kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi) peke yake hupitisha, lazima iwe na kitambaa cheusi nyuma yake. Funga kwa mpira wa kunyumbuka, usitumie kamba kavu. Uwanjani, upepo wa mita 10 kwa sekunde husukuma skrini ya mita mraba 5 kwa nguvu ya karibu kilo 38. Fremu ya fito itavunjika. Tumia boriti, na kamba za kushikiza mbele na nyuma.

Watu: kutoka mita 3 hadi mita 9 ni mita 6 za viti. Safu kila sentimita 90 zinatoka 7. Upana ni mita 6, toa njia ya mita 1.2 katikati na sentimita 40 kila ukuta, zinabaki mita 4. Kiti sentimita 50, viti 8 kwa safu. Viti 56. Ongeza watoto 10 mikekani. Zaidi ya hapo ni hatari, hata kama mlangoni kuna foleni.

#8 Pwani_Sauti

Mmezungumza picha tu. Kwenye ukumbi wa mawe, kitakachowaangusha ni sauti.

Chumba hicho kina mita za ujazo 198. Chokaa na zege hunyonya sauti kidogo mno, kikiwa kitupu sauti huchukua sekunde 3 na zaidi kufa. Neno moja linapanda juu ya lingine na mazungumzo hayasikiki, hata mkiongeza sauti. Mkiongeza, ndiyo mnaharibu zaidi. Watu 60 wenyewe hunyonya mpaka inafika karibu sekunde 1. Mnataka 0.6 au 0.7, kwa hiyo mnahitaji kama mita mraba 25 za kitu kizito na laini, zaidi ukuta wa nyuma na sehemu ya juu ya kuta za pembeni.

Mkeka ukutani hausaidii, ni mwembamba. Zulia lililobandikwa juu ya ukuta hunyonya sauti nyembamba tu. Lining'inie sentimita 10 mbele ya ukuta, hapo linaanza kufanya kazi. Bora zaidi: fremu za mbao za kina cha sentimita 10, zijazwe na zifunikwe kwa kitambaa.

Spika: mbili zenye amplifaya ndani, za inchi 10 au 12, kila moja upande wake wa skrini, kimo cha mita 1.8, zimeinamishwa kuelekea safu ya nne. Miksa (kifaa cha kuchanganya na kurekebisha sauti) ndogo ya chaneli 4. Kompyuta ikae karibu na projekta, kebo ya picha ya HDMI isizidi mita 10, na sauti ndiyo isafiri mbali kwa kebo za XLR (za sauti, kama za maiki) za mita 15 au 20. HDMI ndefu ya kawaida hukatakata picha kisha fundi analaumiwa. Bluetooth msitumie kabisa: sauti huchelewa na midomo haifuati maneno.

Mkisikia mvumo wa "mmmm" laptop ikiwa kwenye chaja, ukatoweka mkichomoa chaja, tatizo ni waya wa ardhi. Kisanduku cha DI (hutenganisha umeme wa vifaa viwili, sauti ikapita) kati ya laptop na miksa huumaliza. Mtu asikate pini ya ardhi kwenye plagi, ni kuua watu.

#9 MamaKibaraza

Fremu hizo zijazwe sufi? Hapa inapatikana kwa urahisi.

#10 Pwani_Sauti

Sufi hunyonya sauti vizuri, kwa hilo uko sawa. Lakini hushika moto kwa kasi ya kutisha, na huu ni ukumbi wenye watoto na nyaya za umeme. Makumbi ya nazi nayo huwaka. Agizeni pamba ya mawe kutoka Mombasa, ile wanayofungia mabomba ya maji ya moto. Ifunikwe kitambaa kizuri maana huwasha ngozi. Ni gharama, na mimi nasema bora mpunguze kwenye projekta kuliko hapa. Kwenye kila mlango mtungi mmoja wa kuzimia moto. Ulio karibu na projekta uwe wa CO2 (gesi ya kaboni dioksidi), maji na umeme haviendi pamoja.

#11 Mwanalangoni

Mungu awalipe. Sasa umeme, na filamu zenyewe. Watu wanasema tuonyeshe kwa akaunti ya Netflix ya mmoja wetu.

#12 Karani_wa_Vibali

Ndugu, hapana. Akaunti hizo ni za matumizi ya nyumbani, na DVD ya dukani vilevile. Kiingilio kikiwa bure bado ni maonyesho ya umma.

Mambo matatu, msiyachanganye. La kwanza ni Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya, KFCB. Chini ya Sheria ya Filamu na Maigizo ya Jukwaani, Sura ya 222, anayeonyesha filamu mahali umma unapoingia anatakiwa awe amesajiliwa, na filamu yenyewe iwe imeidhinishwa. Madaraja ni GE (watu wote), PG (watoto kwa uangalizi wa mzazi), 16 na 18 (umri wa chini). Andikeni daraja kwenye tangazo la mlangoni, na msimamizi wa mlango alifuate. La pili ni leseni ya biashara ya kaunti, ambayo huja na ukaguzi wa jengo. La tatu ni haki ya mwenye filamu. Huyo mnamwandikia: jina la filamu, tarehe, idadi ya viti, kiingilio, na mara ngapi. Wekeni jibu lake kwa maandishi. Kibali cha KFCB hakichukui nafasi ya ruhusa ya mwenye filamu, na ruhusa yake haichukui nafasi ya kibali.

Waongozaji wengi wa Afrika Mashariki hukubali kwa ada ndogo au mgao wa kiingilio wakiandikiwa vizuri, hasa filamu ikishamaliza mzunguko wa matamasha kama ZIFF ya Zanzibar. Kwa watoto, filamu fupi za katuni za Blender Foundation (shirika la programu huria ya katuni) zina leseni ya Creative Commons, mnaonyesha bila kuomba mradi mtaje walioitengeneza. Uainishaji bado unahitajika.

Jambo la kelele. Kanuni za kelele za 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, na kwa maeneo ya makazi kiwango ni desibeli 35. Ni kidogo mno. Ndiyo maana kazi ya Pwani_Sauti ukutani na fremu za Kusi madirishani ni muhimu: sauti ibaki ndani. Tembeeni uchochoroni filamu ikiendelea, msikilize wenyewe, kabla jirani hajaja. Na mzee wa mtaa, chifu na imamu wa msikiti wa karibu waambiwe mapema, waone ratiba.

#13 Kusi_na_Kaskazi

Ratiba hiyo ifuate swala. Isha ikishasaliwa, watu watembee nyumbani na warudi: anzeni saa mbili na robo usiku. Filamu ya dakika 95 inakwisha kabla ya saa nne. Ya watoto iwe baada ya Adhuhuri, iishe kabla ya Alasiri. Adhana ikiingia katikati ya lolote, bonyeza kitufe cha kusimamisha, usipunguze sauti tu. Ramadhani fungeni, mtumie mwezi huo kupaka rangi na kusafisha.

#14 Fundi_Mitambo

Umeme. Projekta wati 300, laptop 60, spika mbili wastani wa 80, feni mbili 100. Jumla 540. Betri ya lithiamu ya volti 12.8, Ah 100 (ampea-saa), ina wati-saa 1,280; toa asilimia 15 zinazopotea kwenye inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani), gawanya kwa 540, unapata saa 2. Filamu moja inakwisha. Inveta iwe ya wimbi safi, wati 1,000. Zile za bei rahisi za wimbi la mraba huunguruma kwenye spika.

Ikiwa fedha haitoshi sasa, angalau UPS (betri ya akiba ya dharura) ya VA 1,000 kwa projekta peke yake. Itakupa dakika 10 hivi. Kazi yake ni moja: umeme ukikatika, zima taa kwa rimoti na uache feni imalize kupoza.

Ekstensheni ya kuzungushwa ikunjuliwe yote, ikibaki imeviringishwa huchemka. Kwenye laini ya ukumbi weka kikatio cha miliamperi 30, kinachokata umeme ukianza kuvuja.

Chumvi ya bahari ni adui wa kimyakimya. Vumbi lenye chumvi hunyonya unyevu na kugeuka tope kwenye kichujio, projekta hupata joto na kujizima katikati ya filamu. Kichujio kisafishwe kila wiki mbili kwa brashi laini, msipulize kwa mdomo. Ikitolewa darini, ikae kwenye sanduku lenye mpira na pakiti za kunyonya unyevu.

#15 MamaKibaraza

Nami niongeze la watu. Mna milango miwili: mmoja uwe wa akina mama na watoto, mwingine wa wanaume, na mwanamke asimamie mlango wake. Viti vigawanyike kwa ile njia ya katikati. Bila hivyo mabibi zetu hawatakuja, na hawa ndio wanaojua filamu nzuri ikianza kuvuma mtaani. Milango yote ifunguke kwa nje na isifungwe kwa komeo filamu ikiendelea.

Tafsiri je? Wengi hawatasoma Kiingereza.

#16 Pwani_Sauti

Maandishi ya Kiswahili kwenye faili ya .srt (faili ya maandishi ya tafsiri), ihifadhiwe kwa UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi). Mistari isizidi miwili, herufi 42 kwa mstari, na jicho husoma kama herufi 17 kwa sekunde. Kiswahili hurefuka kuliko Kiingereza, kwa hiyo mfasiri afupishe. Asitafsiri kila neno. Kwenye VLC (programu ya kuchezea filamu) mnaweza kuyapandisha juu kidogo ili vichwa visiyazibe. Kwa watoto wasiosoma bado, msimulizi mwenye maiki, sauti ya filamu ishuke desibeli 10, naye akae nyuma ya usawa wa spika ili maiki isipige mluzi. Kwa yote mawili mwombeni ruhusa mwenye filamu kwenye barua ileile.

Na jambo dogo linaloharibu usiku: saa mbili za filamu kwa megabiti 8 kwa sekunde ni GB 7.2. Flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili inayozidi GB 4. Ifomatiwe kwa mfumo wa exFAT. Nakala ya pili iwe kwenye flashi nyingine, mfukoni mwa mtu mwingine.

Kama filamu ina sauti za njia 5.1 (za spika sita), iambie VLC itoe stirio (njia mbili). Msipofanya hivyo, muziki utanguruma na mazungumzo yatapotea, kwa sababu yako kwenye njia ya katikati ambayo spika zenu hazina.

#17 Mwanalangoni

Nimepanga hivi: mwezi wa kwanza madirisha na vibali, wa pili sauti na ukuta wa skrini, wa tatu projekta. Swali la mwisho: dari ni zege, kibanio kishikwe kwa nini? Chini yake kutakuwa na watu.

#18 Fundi_Mitambo

Mpangilio huo umekaa sawa. Projekta ya aina hii ina kilo 3 mpaka 5. Bolti nne za kupanuka za M8 (kipenyo milimita 8), tundu la milimita 10 au 12 kufuatana na bolti, kina sentimita 6, na vumbi lipulizwe lote kabla ya kuingiza, maana bolti kwenye vumbi haishiki. Ziwe za chuma kisichoshika kutu. Kisha mnyororo wa pili, kutoka kwenye mwili wa projekta hadi bolti ya tano ya peke yake. Ning'iniza ndoo ya maji ya lita 20 kwenye kibanio usiku kucha kabla ya kufunga projekta. Asubuhi pima pengo kati ya bati la kibanio na zege. Likiwa limefunguka hata milimita moja, ng'oa, toboa sentimita 10 pembeni, anza upya.